Mdogo wangu askari aliua raia kwa amri: hatia ni ya nani?

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameandika kuhusu mdogo wake, askari wa FARDC, jeshi la taifa la Kongo, huko Kivu. Kikosi chao kilikuwa kinawafuata waasi waliokimbilia katikati ya nyumba za mbao, na kamanda akaamuru wafyatue kwenye nyumba moja. Milio ilipokwisha wakakuta ndani mama na watoto wawili, wamekufa. Kamanda akasema "ni vita", wakaendelea na safari. Sasa kijana amekuja kwa ruhusa. Analala taa ikiwaka, kanisani hataki kukanyaga, anajiita mwuaji. Mjomba wao anamwambia aliyetumwa hana kosa, kosa ni la aliyemtuma. Mama anauliza nani kati ya hao wawili ana haki, na familia ifanye nini.

Mama, pole sana. Mjomba amekosea, na nitaeleza kwa nini. Kuhusu mdogo wako, hukumu anayojipa yeye mwenyewe inaweza kuwa kubwa kuliko alichofanya, na inaweza kuwa sawa nacho. Hatutajua mpaka ajibu maswali kadhaa bila kujificha na bila kujitesa.

Nianze na amri, maana ndiko mjomba alikosimama. Katiba yetu ya Februari 18, 2006, katika ibara ya 28, inasema hakuna mtu anayelazimika kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi, na kila mtumishi wa dola anafunguliwa wajibu wa kutii pale amri inapokanyaga waziwazi haki za binadamu. Askari ni mtumishi wa dola. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002 na ambao makosa yake yaliingizwa katika sheria zetu za adhabu Desemba 31, 2015, unasema katika kifungu cha 33 kwamba amri ya mkubwa haimwondolei askari hatia isipokuwa mambo matatu yawepo pamoja: awe alikuwa na wajibu wa kisheria wa kutii, awe hakujua kwamba amri ni haramu, na amri yenyewe isiwe haramu waziwazi. Likikosekana moja, kinga yote imeanguka.

Ibara hiyo ya 28 ina sentensi ya mwisho ambayo wengi huisahau: anayekataa amri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ilikuwa haramu waziwazi. Kwa askari wa cheo cha chini, aliye mbali na kambi, sentensi hiyo ni nzito, na naiona kuwa kasoro ya Katiba. Ndiyo maana askari anayejua kazi yake hakatai kwa kelele. Anarudisha habari kwa sauti, wenzake wakisikia: "Kamanda, kuna raia ndani. Narudia, kuna raia ndani." Anaomba amri irudiwe. Anaomba kwenye redio ithibitishwe na wa juu yake. Anasema haoni shabaha. Kila moja ya kauli hizo ni ya kawaida katika utumishi, hakuna inayofanana na uasi, na kila moja inaacha mashahidi. Kamanda aliyekuwa ametoa amri kwa hasira mara nyingi hubadilisha akisikia maneno "narudia, kuna raia", kwa sababu sasa anajua kwamba wengine wamesikia kuwa aliambiwa.

Oktoba 29, 1956, polisi wa mpaka wa Israel walipewa amri ya kuwapiga risasi wanakijiji watakaokutwa nje baada ya marufuku ya kutoka. Marufuku ilikuwa imetangazwa jioni ileile, nusu saa tu kabla ya kuanza, watu wakiwa bado mashambani. Katika kijiji cha Kafr Qasim amri ilitekelezwa, na karibu watu 50 waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo. Vijiji vya jirani vilikuwa chini ya amri hiyohiyo ya batalioni hiyohiyo, lakini viongozi wa vikosi vidogo huko waliwaacha watu warudi majumbani mwao. Mahakama iliyowahukumu wauaji mwaka 1958 ilisema kuna amri ambazo uharamu wake unapepea juu yake mithili ya bendera nyeusi, kiasi kwamba askari hahitaji kuwa mwanasheria ili auone. Mjomba afikirie wale wa vijiji vya jirani. Walitumwa nao.

Sasa turudi kwa mdogo wako, kwa sababu amri aliyopewa yeye huenda haikuwa ya namna hiyo. "Fyatueni ile nyumba, adui ameingia" na "ueni wote mnaowakuta" ni amri mbili tofauti kabisa. Ya pili ni haramu siku zote, mahali popote. Ya kwanza inaweza kuwa halali au haramu, kutegemea walichokijua na jinsi walivyoitekeleza. Kwa hiyo swali la kwanza kwake liwe hili: maneno yenyewe ya kamanda yalikuwa yapi? Asiseme maana yake, aseme maneno, kwa lugha ileile aliyoyasikia, Kilingala au Kiswahili.

Swali la pili ni alichokijua kabla ya kufyatua, na hapa msimwachie ajibu kwa neno moja. Nyumba inayokaliwa na watu ina dalili zake: nguo za watoto kwenye kamba, moshi wa jikoni, mbuzi amefungwa, ndoo ya maji mlangoni, sauti. Mtaa uliokimbiwa nao una dalili zake, na askari aliyezoea vita anazitofautisha upesi. Je, walimwona mwenye silaha akiingia mlango ule, au waliambiwa tu? Je, risasi zilikuwa zinatoka ndani ya nyumba ile? Kuna aliyeita watu watoke? Itifaki ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inasema, katika kifungu cha 50, kwamba penye shaka mtu ahesabiwe kuwa raia. Shaka haimruhusu askari kufyatua, inamzuia. Naye mwanamke anayewapikia wapiganaji, au aliyeolewa na mmoja wao, hageuki kuwa mpiganaji kwa sababu hiyo. Nalitaja hili kwa kuwa huko Mashariki, ambako Wazalendo (wanamgambo wanaopigana upande wa serikali), waasi na wanakijiji wanaishi mtaa mmoja, neno "ni watu wao" limewamaliza raia wengi.

Swali la tatu ni la maadili zaidi kuliko sheria, na kwangu ndilo kubwa. Tangu karne ya 13 wanateolojia wa Kikatoliki wamefundisha kwamba tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, jema linalokusudiwa na baya linaloonekana mbele lakini halitakwi. Baya hilo linaweza kuvumilika kama halikuwa njia ya kulipata lile jema, na kama si kubwa kupita kiasi likilinganishwa nalo. Makamanda wengi wanalijua fundisho hili bila kujua lilikotoka, na wanalitumia vibaya: "Hatukukusudia." Lakini kutokukusudia ni jambo rahisi mno. Mtu anaweza kumwaga risasi sokoni bila kumkusudia yeyote. Ndiyo maana sharti moja zaidi halikwepeki: askari awe amefanya jitihada ya kweli kuwaepusha raia, hata kama jitihada hiyo inamwongezea yeye hatari kiasi. Yeye ana silaha, ana mafunzo, amekula kiapo. Mama aliyejificha chini ya kitanda na watoto wake hana hata kimoja.

Jitihada hiyo inaonekana kwenye vitu vidogo. Bunduki aina ya AK ina kidude pembeni, upande wa kulia, chenye nafasi tatu. Juu kabisa bunduki imefungwa. Katikati inamwaga mfululizo. Chini kabisa inatoa risasi moja moja. Ikiwa katikati, inatoa takriban risasi 600 kwa dakika, maana yake magazini ya risasi 30 inakwisha kwa sekunde 3 hivi, na baada ya risasi mbili tatu za mwanzo mdomo wa bunduki unapanda, zinazofuata zinakwenda zinakotaka. Ukuta wa mbao hauizuii risasi yake; inapita, inaingia chumba cha pili, hata nyumba ya jirani. Na risasi iliyokosa shabaha bado inaua mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 1. Kwa hiyo mwulizeni kidude kilikuwa wapi. Aliyekishusha mpaka chini akalenga dirisha ambalo risasi zilikuwa zinatokea, yule amejaribu. Aliyekiacha katikati akamimina magazini nzima kwenye ukuta wa mbao bila kuona kitu, yule amechagua, hata kama hakuwa na muda mrefu wa kuchagua. Watu husema risasi haina macho. Ni kweli, macho anayo anayefyatua. Kwa silaha kubwa hesabu inakuwa mbaya zaidi: bomu la mota la kwanza kwa kawaida haliangukii penyewe, linarekebishwa na mtu anayeona linakoanguka, na kurusha mota kwenye mtaa wa watu bila mwangalizi ni kupiga bila kulenga.

Halafu kuna uwiano. Si hesabu ya vichwa, kwamba mmoja kwa watatu. Ni kupima madhara yanayotarajiwa kwa raia dhidi ya faida ya kijeshi ya hakika iliyotarajiwa saa ileile. Mpiganaji mmoja anayekimbia, ambaye hafyatui tena, ana uzito mdogo sana kwenye mizani hiyo. Ingewezekana kuizunguka nyumba na kungoja, kuita, au kumwacha aende. Kumwacha adui akimbie ili familia isife ni uamuzi halali wa kijeshi, na nasikitika kwamba ni wachache wanaofundishwa hivyo. Lakini kama nyumba ile ilikuwa na bunduki nzito inayowaua wenzao, mizani inageuka. Hapo vifo vya mama yule na watoto wake vinaweza kuwa msiba bila kuwa uhalifu.

Kuna wanaouliza: je, kama angekataa angeuawa? Mahakama ya Kimataifa ya Yugoslavia ya zamani ililazimika kulijibu hili. Dražen Erdemović, Mkroati aliyekuwa askari katika jeshi la Waserbia wa Bosnia, alishiriki Julai 1995 kuwaua wanaume wa Srebrenica kwenye shamba la Branjevo. Alisema alikataa, akaambiwa kwamba akiwahurumia ajipange nao mstarini. Mwenyewe alikadiria kuwa aliua watu 70 hivi. Mwaka 1997 majaji wa rufaa waligawanyika, 3 dhidi ya 2, wakaamua kwamba tishio la kifo halimfutii hatia askari aliyeua watu wasio na kosa, ila linampunguzia adhabu. Alipewa miaka 5. Mkataba wa Roma, katika kifungu cha 31, baadaye uliacha mlango wazi kidogo kuliko majaji wale. Mimi naona hivi: anayeua akiwa na bunduki kichwani mwake hawezi kulaumiwa sawa na anayeua kwa hiari, lakini waliokufa hawakupoteza haki yao ya kuishi kwa sababu yeye ametishwa. Na tishio lenyewe lipimwe. Kuogopa kufokewa, kuogopa kukatwa posho, kuogopa wenzako wakuite mwoga, hayo si kulazimishwa.

Nimemtaja Erdemović kwa sababu nyingine pia. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Majaji waliliona hilo na kulipa uzito mkubwa, kwani bila maneno yake mambo mengi ya shamba lile yangebaki gizani. Hilo mdogo wako alijue.

Kuhusu kamanda. Hatia ya kuua si sawa na deni la pamoja, ambapo mmoja akilipa wengine wanapumua. Kila mmoja anabeba yake nzima: aliyefyatua kwa alichofanya na kujua, aliyeamuru kwa alichoamuru, na aliye juu yao kwa alichoacha kifanyike. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma kinamfunga kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, na hakuchukua hatua zote za lazima zilizo ndani ya uwezo wake kuzuia, au kupeleka suala kwa wachunguzi baada ya kutendeka. Baada ya kutendeka, Mama. Ndipo kauli ya "ni vita" inapogeuka kuwa kosa la pili linalosimama peke yake. Kamanda aliyekuta maiti tatu za raia alitakiwa kusimamisha kikosi, kutafuta majeruhi, kuandika saa na mahali, na kutuma ripoti. Kusonga mbele bila neno ni kufunika.

Makamanda wanafikishwa mahakamani, ingawa kwa shida. Baada ya mauaji ya Goma ya Agosti 30, 2023, ambapo askari wa Walinzi wa Jamhuri waliwafyatulia waumini waliotaka kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na zaidi ya watu 50 wakafa, mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu Kanali Mike Mikombe adhabu ya kifo Oktoba 2 mwaka huohuo. Askari 3 walipewa miaka 10 kila mmoja, na 2 wakaachiwa. Adhabu ya kifo siiungi mkono, lakini angalieni mpangilio: mkubwa alipata kilicho kizito zaidi, wa chini hawakusamehewa kwa sababu yake, na kila mmoja alipimwa peke yake. Upande mwingine yupo Jean-Pierre Bemba, aliyepatikana na hatia katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, mwaka 2016 kwa makosa ya wapiganaji wake huko Afrika ya Kati, kisha akaachiwa huru Juni 8, 2018, kwa kura 3 dhidi ya 2, majaji wa rufaa wakisema hatua alizochukua akiwa mbali hazikupimwa sawasawa.

Na hapa kwetu Katanga kuna Kilwa. Oktoba 2004 kundi dogo la waasi liliuteka mji huo wa ziwa Mweru, jeshi likaurudisha siku iliyofuata, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakahesabu zaidi ya watu 70 waliokufa, baadhi yao wakiwa wameuawa baada ya kukamatwa. Magari na ndege za kampuni moja ya madini zilikuwa zimetumiwa na jeshi. Juni 2007 mahakama ya kijeshi, hapahapa Lubumbashi, iliwaachia washtakiwa wote kwa mauaji hayo, ikisema waliokufa walikufa katika mapigano. Miaka 10 baadaye ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imelikuta taifa la Kongo na hatia na kudai familia zilipwe dola milioni 2.5. "Walikufa katika mapigano" ni sentensi inayopenda kuandikwa pale ambapo hakuna askari hata mmoja aliyekubali kusema alichokiona.

Basi familia ifanye nini.

Kwanza, aandike. Daftari, kalamu, peke yake, mara moja, kabla hajaendelea kusimulia, maana kila usimulizi unabadilisha kumbukumbu. Aandike saa, mahali, nani alisimama wapi, maneno ya kamanda, idadi ya risasi alizotumia, alichokiona mlango ulipofunguliwa. Alichokiona akitenge na alichosimuliwa. Simu yake asifute kitu, wala asipeleke picha wala sauti kwenye WhatsApp ya familia. Ikifika huko imefika kwa kila mtu, na watakaoumia kwanza ni ndugu wa marehemu.

Pili, amwone avoka (wakili) kabla ya oditora ya jeshi (ofisi ya waendesha mashtaka wa kijeshi). Ibara ya 19 ya Katiba inampa haki ya kusaidiwa na mtetezi katika kila hatua, hata ile ya kuhojiwa tu. Avoka awe amezoea mahakama za kijeshi, kwa sababu zina taratibu zake. Mojawapo ni kwamba jaji hawezi kuwa na cheo cha chini kuliko mshtakiwa, na hiyo ni sababu moja ya kesi za wakubwa kukwama huku za wadogo zikikimbia. Mdogo wako akiogopa kwamba atabeba yote peke yake, hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kwenda na maelezo yaliyoandikwa yanayotaja amri ilitoka kwa nani. Asianze kwa kamanda yuleyule. Kungoja mpaka lisahaulike hakusaidii: kama lilikuwa kosa la kivita, halina muda wa kuzimika.

Tatu, familia ya marehemu. Mjomba atashauri mbuzi na bahasha, yaishe. Kuomba msamaha ni vyema, kutoa pole ni vyema, lakini msiende ghafla, wala kijana asiende na sare au silaha; mtu wa kati atangulie, padri, mchungaji au chifu wa mahali, aulize kama wanataka kuonana. Wakikataa, iishie hapo. Na pesa isitolewe kwa sharti la kunyamaza. Makubaliano ya kifamilia hayazimi kesi ya mauaji, na yakigundulika yanaonekana kama kununua shahidi. Familia ile ina haki ya kuingia kesini kudai fidia, na kuna mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, ulioundwa kwa sheria ya Desemba 2022. Kuwafikishia habari hiyo kunaweza kuwafaa kuliko mbuzi.

Nne, usingizi wake. Kulala na taa, kukimbia ibada, kujiita jina baya, hayo yakipita mwezi yanahitaji mtu wa kazi hiyo. Hapa Lubumbashi kuna Kituo cha Joseph Guislain, cha watawa wa Kikatoliki wa Ndugu wa Upendo.  Akianza kunywa pombe kali asubuhi, au kusema afadhali afe, msingoje mwezi, na bunduki isikae naye chumbani. Padri wa kambi anaweza kusaidia, ila asiwe mtu wa kumwambia haraka "Mungu amekusamehe, sahau". Kijana mwenye dhamiri iliyo hai hawezi kuamini msamaha uliotolewa kabla hajasikilizwa.

Wewe, Mama, usimwambie hana kosa, wala usimwambie ni mwuaji. Mpe daftari, kaa chumba cha pili, mlango wazi. Mjomba naye aombwe aache kumjibia. Ruhusa ikikaribia kwisha na bado hajaonana na avoka, aombe kuongezewa siku kwa sababu ya ugonjwa, akiwa na karatasi ya daktari mkononi, kwa sababu askari anayechelewa bila karatasi anahesabiwa mtoro, na mtoro hasikilizwi na mtu oditora.